Jinsi ya Kuandaa Ukurasa wa Anwani wa Tasnifu na wa Kitabu

Mwanafunzi anayepeleka tasnifu yake kujalidiwa katika duka lililo karibu na lango la chuo, iwe ni Maseno, Njoro au Kakamega, kwa kawaida hushughulikia jalada: rangi yake, ugumu wake na herufi za dhahabu zitakazogongwa juu yake. Mkutubi hutazama kwingine. Anapoiingiza kazi hiyo katika katalogi, hufunua jalada na kunakili anwani (yaani jina la kazi), jina la mwandishi na mwaka kutoka kwenye ukurasa wa anwani, kwa sababu kanuni za ukutubi huuhesabu ukurasa huo, wala si jalada, kuwa chanzo kikuu cha taarifa za kitabu. Kosa lililo hapo huhamia katika katalogi, na kutoka katalogi huingia katika marejeleo ya kila atakayeitaja kazi hiyo. Basi ukurasa huu uandaliwe kwa ajili ya msomaji asiyekujua, ambaye ataitafuta kazi yako miaka mingi baada ya wewe kuondoka chuoni.

Vitabu havikuwa na ukurasa huu tangu mwanzo. Katika miswada na katika vitabu vya kwanza vilivyopigwa chapa Ulaya, taarifa hizi ziliwekwa mwishoni, kama vile malenga wa tenzi za kale walivyojitaja katika beti za tamati. Mwaka 1476, mjini Venice, Erhard Ratdolt na wenzake walitoa kalenda ya mwanafalaki Regiomontanus ikiwa na anwani, mwaka na majina ya wapiga chapa katika ukurasa wa mbele, na taratibu desturi hiyo ikaenea.

Anza na anwani yenyewe, maana ndiyo inayoharibiwa mara nyingi zaidi. Tuseme kazi yako inaitwa Lugha ya Ushawishi miongoni mwa Wauzaji wa Mitumba katika Soko la Kibuye, Kisumu. Anwani hiyo haienei katika mstari mmoja, na kompyuta ikiachiwa itaikata popote nafasi inapoisha, hata kati ya "Wauzaji wa" na "Mitumba". Ikate wewe mwenyewe kwa kufuata maana: Lugha ya Ushawishi katika mstari wa kwanza, miongoni mwa Wauzaji wa Mitumba katika wa pili, na katika Soko la Kibuye, Kisumu katika wa tatu. Vihusishi na viunganishi kama vile ya, wa, na, katika visiachwe vikining'inia mwishoni mwa mstari, kwa kuwa vimefungamana na neno linalofuata. Usiweke nukta mwishoni mwa anwani, usiipigie mstari chini, na usiizungushie maua na fremu zinazopatikana katika programu za kompyuta. Mimi binafsi sijaona fremu iliyoufaa ukurasa huo. Ukiwa na anwani ndogo, itenganishe na ile kuu kwa nukta pacha au uiandike kwa herufi za saizi ya chini kidogo.

Jina lako liandike kama unavyotaka litajwe maisha yako yote ya kitaaluma. Wengi wetu tuna majina matatu, tukitumia mawili kazini na jingine nyumbani. Chagua sura moja na uishike katika kila utakachochapisha, la sivyo katalogi itakufanya waandishi wawili. Utaratibu wa kutanguliza jina la mwisho ni wa orodha ya marejeleo, si wa ukurasa huu. Vyeo kama Dkt. au Mhandisi viache nje.

Katika tasnifu, chini ya jina huja kauli ya uwasilishaji, ambayo katika idara za Kiswahili huandikwa hivi: "Tasnifu hii imewasilishwa katika Chuo Kikuu cha Maseno ili kutosheleza baadhi ya mahitaji ya Shahada ya Uzamili katika Kiswahili." Jina la shahada lazima liwe lile lililoidhinishwa na chuo, neno kwa neno. Kisha huwekwa mwezi na mwaka wa kuwasilisha. Vyuo hutofautiana kuhusu nambari ya usajili na jina la idara, kwa hiyo chukua mwongozo wa sasa kutoka ofisi ya masomo ya uzamili badala ya kuazima faili ya mwenzako. Niliwahi kuhariri tasnifu ambayo mwenyewe aliazima faili namna hiyo. Alibadilisha anwani na jina, lakini shahada iliyobaki pale ilikuwa ya mtu wa isimu ilhali yeye alikuwa wa fasihi, na hakuna aliyeligundua hilo hadi nakala nne zilipokwisha kujalidiwa.

Ukurasa huu huhesabiwa kuwa wa kwanza katika nambari za Kirumi, lakini nambari yenyewe haichapwi. Kwa kuwa upande wa kushoto huachiwa pambizo pana zaidi ili kujalidi kusimeze maneno, weka maandishi katikati ya pambizo hizo mbili, si katikati ya karatasi.

Insha ya muhula haihitaji haya yote. Mtindo wa uandishi wa kitaaluma wa APA (Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani), toleo la 7, humtaka mwanafunzi aandike anwani kwa herufi nzito, mistari mitatu au minne chini ya ukingo wa juu, kisha jina, idara na chuo, somo, mhadhiri na tarehe ya kuwasilisha. Mtindo wa MLA, unaotumika sana katika lugha na fasihi, kwa kawaida hauhitaji ukurasa wa anwani kabisa.

Kwa mwandishi anayejitolea kitabu mwenyewe, ukurasa wa anwani hubeba anwani, jina la mwandishi, jina la mhariri au mfasiri kama yupo, na chini kabisa jina la mchapishaji na mji. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kumweka mwenye mashine mahali pa mchapishaji. Mpiga chapa wa Nakuru au Kisumu uliyemlipa akutolee nakala mia tatu si mchapishaji wako. Mchapishaji ni anayegharamia na kukitoa kitabu, yaani wewe, na mpiga chapa hutajwa nyuma ya ukurasa huo. Huko nyuma pia ndiko huwekwa haki ya kunakili, mwaka, toleo na ISBN, yaani nambari ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu. Toleo jipya ni kitabu kilichorekebishwa; ukiongeza nakala tu bila kugusa maandishi, hiyo ni chapa ya pili ya toleo lile lile. ISBN huwa na tarakimu 13 tangu mwaka 2007, na nchini Kenya huombwa kutoka Huduma ya Maktaba za Kitaifa. Kitabu cha jalada jepesi, cha jalada gumu na cha kielektroniki kila kimoja huhitaji nambari yake.

Kabla ya kujalidi, chapisha ukurasa huo peke yake, uulaze kando ya jalada na, kwa tasnifu, kando ya ukurasa wa ikirari (unapotangaza kuwa kazi ni yako), kisha umpe mtu mwingine aisome anwani kwa sauti huku wewe ukifuatisha kwa kidole katika nakala nyingine. Baada ya watahini kurudisha masahihisho, fanya hivyo tena, maana anwani mara nyingi hubadilishwa katika utetezi, na fundi wa kujalidi hugonga herufi za dhahabu kwa kufuata karatasi aliyopewa.