Vifaa vya kutengeneza boksi la spika nyumbani, kwa sisi wa Mombasa

Nianze na ubao maana hapo ndo wengi wanaharibu. Spika ukiishika mkononi bila boksi ukaipigia mziki utasikia sauti ya mwimbaji vizuri tu lakini besi hamna, kwa sababu koni (ile sehemu ya mbele ya spika inayotetemeka) ikisukuma hewa mbele huku nyuma inavuta, na hizo mbili zikikutana pembeni zinauana. Boksi kazi yake kubwa ni kuzitenganisha, sasa likiwa linatetemeka ama linavuja hata spika iwe ya bei gani hupati kitu.

Boksi langu la kwanza nilitumia chipubodi ya kabati kuukuu, nikaliweka chini ya dirisha huko Likoni, masika ilipoingia ubao ukanywa maji ukafura kama mkate kwenye chai na skrubu zikawa zazunguka tu hazishiki. Iliniuma sana. Hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi, kwa hivyo chukua MDF (ubao wa nyuzi laini za mbao zilizogandishwa kwa gundi) ya milimita 18 ama plaiwudi ya marin, ile inayostahimili maji, ya unene huohuo. MDF ni nzito na haina mashimo ndani, yatoa besi safi, ila kingo zake hazitaki maji kabisa. Marin ni ghali lakini kama boksi litakaa barazani ama litabebwa kwenye maharusi mimi nakwambia lipia tu. Ubao mzima ni futi 8 kwa 4, boksi moja halimalizi hata nusu, pitia kwanza kwa mafundi wa makabati uulize vipande vilivyobaki.

Vipimo: tuseme una spika ya inchi 12 na wataka boksi la kufungwa kote. Ndani liwe sentimita 35 kwa 35 na kina 25, zidisha zote ugawanye kwa 1000 wapata kama lita 30. Lakini angalia karatasi iliyokuja na spika yako, ikisema lita nyengine fuata hiyo. Kwa ubao wa milimita 18 kata mbele na nyuma sentimita 38.6 kwa 38.6, juu na chini 38.6 kwa 25, ubavuni 35 kwa 25, kila moja vipande viwili. Ukiweza waambie wakukatie kwa mashine hukohuko, msumeno wa mkono ukipinda kidogo tu maungio hayakai.

Nyumbani utahitaji futi ya kupimia, penseli, mraba wa seremala, drili, jigso ya kukatia tundu, bisibisi, msasa, gundi ya mbao, silikoni, skrubu za stenlesi (za chuma cha kawaida huku zaliwa na kutu haraka) na barakoa. Barakoa usiidharau, vumbi la MDF ni laini mno na lina gundi ya formaldehaidi, kata nje kwenye upepo. Tundu usikate inchi 12 kamili spika itatumbukia ndani! Pima kile kikapu cha nyuma (fremu inayoshika koni), mara nyingi ni kama sentimita 28.

Kuunga sasa. Tia gundi urefu wote wa ukingo, bana mpaka uione ikichuruzika kidogo nje, kama huna klampu kata tyubu ya baiskeli vipande virefu uzungushe ukaze kabisa, inashika vizuri sana. Kabla ya skrubu toboa kwanza kwa biti ya milimita 3 maana MDF ukiilazimisha ukingoni yapasuka. Ikikauka piga silikoni pembe zote kwa ndani, na ile yenye harufu ya siki iache wazi siku nzima ama mbili ndo ufunge spika, mvuke wake waharibu metali. Ndani tia pamba ya mito kiasi, usishindilie.

Kingo za nje nazo, changanya gundi na maji nusu kwa nusu upake, ikauke, msasa, upake tena, ndipo rangi ya mafuta. Na usisahau chini ya boksi, watu hupaka juu tu na unyevu wa sakafu ndio unaopanda.

Kabla hujaunga waya chukua betri ndogo ya volti 1.5 uguse teminali za spika (pale waya unapofungwa) mara moja, koni ikitoka nje basi upande uliogusa chanya ya betri ndio chanya, weka alama.

Kujua kama lavuja, funga spika, piga mziki wa besi kwa sauti ya chini, washa kijiti cha udi upitishe polepole kwenye kila mwungano na kuzunguka teminali. Moshi ukipanda wima uko sawa, ukianza kurukaruka na besi hapo pana tundu, fungua uongeze silikoni.