Promosyo nzima ikianguka enterogasio: namna ya kuirudisha, hatua kwa hatua

Balimu benzangu ba Goma, zaidi bale benye kufundisha premye lisansi na banafunzi mia na kitu mu oditwari moja, hii naandika juu yenu. Mi ni asistanti wa mekaniki, ile sehemu ya fizikia yenye kusema juu ya nguvu na mwendo. Mwaka wangu wa kwanza nilitoa enterogasio ya sheria za Newton, nilizania nimefundisha vizuri, tablo ilikuwa inajaa fomula, banafunzi bananakili kimya kabisa, kumbe ile kimya haikuwa ya kuelewa. Kopi 112, bale balipata 10 kwa 20 habakufika hata 20. Nikaingia na hasira, nikabaambia banafunzi ba siku hizi habasomi, nikafungua shapitre ingine. Ile njo ilikuwa kosa yangu, juu shapitre yenye kufuata ilikuwa inasimama juu ya ile yenye bamekosa.

Hatua ya 1. Usirudishe kopi haraka. Kaa nazo ku meza, uzigawanye kufuata kosa, usifuate pointi. Kopi ya 4 na kopi ya 8 zinaweza kuwa na kosa moja, ziweke pamoja. Mwaka wa pili nilifanya ivi nikashangaa sana: makosa haikuwa mia, ilikuwa tatu tu! Na moja ilibeba zaidi ya nusu ya kopi: mutu anaamini kitu ikitembea, lazima nguvu yenye kuisukuma izidi ile yenye kuizuia. Mutu wa namna ile si muvivu, anafikiri vizuri kabisa, ila anafikiri na sheria ingine yenye alijifunza ku barabara tangu utoto, na wewe hukumuuliza.

Hatua ya 2. Chukua ile fungu kubwa, uitengenezee swali moja isiyo na hesabu. Hapa njo kazi yenyewe iko, mi naweza kumaliza jioni nzima juu ya swali moja. Majibu ya uongo uyatoe ndani ya kopi zao, usiyabuni. Yangu ni hii: kijana anasukuma chukudu (ile kigari ya mbao ya magurudumu mawili ya kubeba mizigo) yenye magunia ya makala ku barabara tambarare, mwendo haubadiliki. Ukilinganisha nguvu yake na yote yenye kuzuia chukudu, (A) inazidi, (B) iko sawa, (C) ni kidogo. Jibu ni B, juu mwendo haubadiliki, lakini karibu bote banachagua A, na hata balimu bamoja nilibauliza bakasema A.

Hatua ya 3. Kila mutu afikirie peke yake dakika mbili, aandike herufi mu kaye. Bila kuandika, bale ba nyuma banangojea tu bale ba mbele. Kisha ukihesabu tatu banaonyesha vidole mbele ya kifua: kimoja ni A, viwili B, vitatu C. Mbele ya kifua, si juu ya kichwa, ili jirani asione. Haiombi umeme wala simu.

Hatua ya 4. Angalia vidole. Chini ya 30 kwa 100 balipata, rudia kueleza kwa njia ingine, juu habana kitu ya kusaidiana. Zaidi ya 70, eleza kidogo uendelee. Kati kati, usiseme jibu! Baambie kila mutu atafute mwenye jibu tofauti amushawishi, dakika tatu ao ine, kisha bapige kura tena. Njia hii Eric Mazur, profesa wa fizikia ku Harvard, aliianza 1991 kisha kuona banafunzi bake banajua kupiga hesabu lakini habaelewi maana. Kwangu kelele ilipanda mpaka nikaogopa dwayeni atakuja, alafu nikasikia binti mumoja, mwenye hajawahi kunyoosha mukono, anaambia benzake: kama nguvu ingekuwa inazidi, chukudu ingeongeza mbio tu mpaka ifike Sake. Mi sikupata kueleza vizuri namna ile mwaka nzima.

Watu bengine banasema inakula saa na silabusi haitaisha. Kweli inakula, mi nilitosha masomo mbili yenye banaweza kujisomea. Lakini mu 2014 Scott Freeman na benzake balikusanya tafiti 225 za sayansi na hesabu, bakakuta pale mwalimu anasema peke yake karibu 34 kwa 100 banaanguka, pale banafunzi banafanya kitu darasani ni karibu 22.

Hatua ya 5. Kisha wiki moja, swali ingine yenye kosa ile ile ndani lakini bila chukudu, mfano pirogi ku ziwa Kivu yenye kwenda mwendo moja. Bila kubaambia mbele. Bale benye kurudia A, baite bawili bawili, umupe kila mutu kopi yake ya kwanza na kalamu, umuombe akueleze alikuwa anafikiri nini, na wewe unyamaze mpaka amalize.