Somo: Dawa za mzee na sahihi ya daktari

Somo hili ni la sisi tunaohudumu kwenye makao ya wazee, na la anayemtunza jaja (babu au bibi) nyumbani pia, maana hapa Uganda wazee wengi bado wako kwa watoto wao.

1. Siku mzee anapofika, mwaga mezani dawa zote alizokuja nazo. Niliwahi kufungua kavera (mfuko wa plastiki) moja nikakuta amlodipini, dawa ya presha, za maduka mawili, majina tofauti kwenye pakiti, na mzee alikuwa akimeza zote. Orodhesha kila kitu, daktari aamue ipi ibaki.

2. Kila dawa iwe na agizo la maandishi: jina la mzee, dawa, kiasi, njia ya kumpa, saa, tarehe, sahihi. Kwa insulini, dawa ya kisukari, andika "yuniti" kwa kirefu. Herufi U ikibanana na 10 husomeka 100, na hapo unazika mtu.

3. Agizo la simu. Hapa ndipo tunapoteleza. Daktari yuko wodini, mtandao unakatakata, nawe unaitikia tu "sawa daktari". Usiitikie. Andika anavyotamka, msomee neno kwa neno, mwenzako asikilize. Daktari akifika, atie sahihi.

4. Chati ya dawa ijazwe mzee akishameza, si kabla.

Maswali ya wanachama

Swali (Arua): Mzee wangu hawezi kumeza. Nimsagie?

Jibu: Uliza kwanza. Nifedipini (dawa ya presha) ya kuyeyuka polepole ukiisaga, dozi ya saa nyingi inaingia kwa mkupuo na presha inaporomoka. Mwombe daktari aandike dawa nyingine.

Swali (Bombo): Bibi anapiga kelele usiku kucha. Sista mkuu anasema tumpe diazepamu, dawa ya kutuliza, iliyobaki ya mzee mwingine.

Jibu: Hapana, dada. Dawa ya mtu ni ya mtu. Diazepamu hukaa siku kadhaa mwilini mwa mzee. Akiamka kwenda chooni anayumba, anaanguka, nyonga inavunjika. Mpapase tumbo, huenda kibofu kimejaa. Mpime joto. Kisha mpigie daktari, hata kama ni saa nane usiku.

Swali (Kampala): Watoto wa mzee wetu mmoja huleta diklofenaki, dawa ya maumivu, kutoka duka la dawa. Tukikataa, wananuna.

Jibu: Wanune. Ipokee kwa adabu, ifungie kabatini, usimpe. Kwa mzee mwenye presha, dawa hiyo huumiza figo na tumbo. Waambie daktari akiiandika, mzee atapewa leo leo.