Kumtembeza mbwa bila kuvutana

Mbwa wangu, Simba, si askari wa gwaride. Matembezi ya jioni ni yake: anuse majani, akojoe kwenye nguzo. Ninachomdai ni kamba ilegee, basi.

Akivuta, nasimama kimya. Akigeuka kunitazama, kamba ikashuka katikati kama ya kuanikia nguo, namwambia "vizuri" na tunaendelea. Wiki ya kwanza tulitumia nusu saa kufika dukani, hatua 100 tu! Vumilia. Ukimwachia mara moja, atajua kuvuta ndiko kunakomfikisha.

Mkikutana na mtu, fupisha kamba, mpitishe upande wa pili, umpe dagaa mkavu mmoja. Wengi wanaogopa mbwa, na anayekwenda msikitini akiguswa na mate ya mbwa itambidi arudi kujitwaharisha.