Ukaguzi wa Matatu na Bima: Karatasi Mbili, Maswali Mawili

Matatu yangu ya viti 14 hupiga Malindi hadi Gongoni, kando ya mashamba ya chumvi, na chumvi hula mirija ya breki bila kelele. Kwa hiyo wiki tatu kabla cheti cha ukaguzi hakijaisha, fundi huingia chini ya gari na tochi na brashi ya waya, akausugua mrija mmoja mmoja. Ulioliwa haupakwi rangi, hubadilishwa. Tairi, taa, mikanda na usukani huangaliwa asubuhi hiyo hiyo. Kisha naweka miadi ya ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Kenya, mtandaoni.

Matatu hukaguliwa kila mwaka, lakini stika ya bima wengi wetu huikata mwezi kwa mwezi. Hapo ndipo watu huteleza: stika ni mpya, cheti kimekwisha zamani. Mimi tarehe zote mbili nimeziandika ukutani, chumbani.

Hata cheti kikiwa hai, hueleza hali ya gari siku lilipokaguliwa tu. Bima huuliza lilikuwaje siku ya ajali. Binamu yangu alikuwa na bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako mwenyewe, akapinduka karibu na Mambrui. Cheti chake kilikuwa na miezi mitano tu tangu kitolewe, ila tairi za nyuma zilikuwa vipara. Gari hakulipwa. Soma mkataba wako kwa macho yako mwenyewe, utafute sharti la kulitunza gari liwe salama barabarani. Usipolielewa, muulize wakala mpaka ulielewe.

Na aliyeumia? Sheria yetu ya bima ya mtu wa tatu (yule anayeumizwa na gari lako), Sura 405, haikubali majeruhi anyimwe fidia kwa sababu gari ni bovu. Lakini kampuni ikishamlipa, inaweza kukugeukia wewe. Tena fidia hiyo ina kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mtu. Hukumu ikizidi hapo, kilichozidi utatafutiwa wewe.

Basi kwa kila mrija na kila tairi, dai risiti yenye tarehe na namba ya gari, hata kwa fundi wa mtaani uliyezoeana naye. Ajali ikitokea, wasaidie majeruhi kwanza. Halafu piga picha za tairi zote, ripoti polisi, uchukue abstrakti (hati ya polisi ya kuthibitisha ajali), na uijulishe bima siku hiyo hiyo. Gari lisifunguliwe hata nati moja kabla mtathmini wa bima hajaliona.