Kuvu na unyevu kwenye nyumba ya kupanga: jua kwanza maji yanatoka wapi

Usinunue rangi bado. Ukuta wenye unyevu ukipakwa rangi mwezi wa pili, mwezi wa nne rangi imeshavimba malengelenge, na ukipasua lengelenge moja kwa kucha unakuta ungaunga mweupe na lipu inayomomonyoka kama mchanga. Pesa imekwenda, maji yapo palepale. Kwenye nyumba za Mtwara na Lindi maji hayo hupita njia tatu: yanashuka kutoka kwenye bati, yanapanda kutoka ardhini, au yamo kwenye hewa ya chumba. Kila njia ina dawa yake, na dawa ya moja haitibu nyingine.

Angalia doa liko wapi. Doa la kahawia lenye miduara kwenye silingi bodi, linalotanuka kila baada ya mvua, ni la paa. Mara nyingi mpira ulio chini ya kichwa cha msumari wa bati umepasuka kwa jua, au hewa ya bahari imeshaula msumari kwa kutu. Lakini matone yakidondoka alfajiri na usiku kucha hapakunyesha, hilo ni jasho la bati: chumba hakina dari, na hewa yenye mvuke imegusa bati lililopoa. Fundi wa paa hana cha kuziba hapo. Kinachotakiwa ni dari, na matundu ya kutoa hewa juu ya kuta.

Unyevu unaoanzia sakafuni na kupanda, mara nyingi usiovuka mita moja, huku ukingo wake wa juu ukiwa na chumvi nyeupe, unatoka ardhini. Ama msingi ulijengwa bila nailoni ya kuzuia maji, ama udongo na kifusi vimerundikwa nje mpaka vikapita usawa wa sakafu. Pwani kuna sababu nyingine inayosahaulika: matofali na lipu vilivyochanganywa kwa mchanga wa baharini. Chumvi iliyobaki ndani huvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo ukuta unalowa hata wiki ambayo hakuna mvua.

Nukta nyeusi au za kijani kwenye kona, nyuma ya kabati au chini ya godoro, bila chumvi yoyote, kwa kawaida zinatokana na hewa ya chumba.

Ukiwa na shaka, pima. Chukua kipande cha nailoni cha sentimita 30 kwa 30, kwangua rangi iliyolegea, futa ukuta ukauke, kisha ubandike kwa solotepu pande zote nne bila kuacha upenyo. Kiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa hewa. Weka kipande kimoja karibu na sakafu na kingine kwenye usawa wa kifua, maana ukuta mmoja unaweza kuwa na shida mbili. Ule weupe nao udondoshee tone la maji: chumvi itayeyuka na kupotea, kuvu itabaki na kugeuka utelezi wa kijivu. Na kama ukuta umepakana na bafu, funga bomba zote, andika namba ya mita ya maji, rudi baada ya saa moja. Namba ikiwa imesogea, kuna bomba linavuja.

Kusafisha

Kuvu ikiwa imeenea zaidi ya mita moja ya mraba, au silingi bodi imelainika, hiyo si kazi ya tambara; bodi inakatwa na kubadilishwa. Chini ya hapo unaweza mwenyewe. Toa watoto na mtu yeyote mwenye pumu, fungua madirisha, vaa barakoa na glavu. Usipige brashi kuvu iliyo kavu, kwa sababu vumbi lake huruka na kwenda kuota kona nyingine. Lowesha kwa maji ya sabuni, sugua, futa kwa tambara unalosuuza mara kwa mara. Hapo ndipo upake jiki, kikombe kimoja kwa vikombe tisa vya maji, iache dakika 15, futa kwa maji safi, washa feni mpaka pakauke kabisa. Jiki inafaa kwenye vigae na rangi ya mafuta. Kwenye lipu tupu inaishia juu juu, weusi unapauka lakini mizizi inabaki ndani. Na usiichanganye kamwe na siki wala dawa ya kusafishia choo: mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu.

Chumvi ni kinyume chake. Ipige brashi ikiwa kavu, izoe, katupe nje. Ukiiosha, unairudisha ukutani.

Udi unafukuza harufu kwa jioni moja. Kuvu hauigusi.

Kuishi na hewa ya pwani

Ushauri wa kuacha madirisha wazi muda wote haufai hapa. Usiku na alfajiri za masika hewa ya nje imejaa maji kuliko ya ndani. Fungua kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni, jua likiwa limeikausha hewa kidogo, na ufungue pande mbili zinazotazamana ili upepo upite. Nguo usizianike chumbani: ndoo moja ya nguo zilizokamuliwa kwa mkono inabeba lita kadhaa za maji, na yote yanaishia ukutani. Moto wa gesi nao hutoa mvuke, kwa hiyo pika dirisha likiwa wazi. Kabati lisogeze sentimita 10 kutoka ukutani, ikiwezekana ukuta wa ndani badala ya ule unaopigwa na mvua.

Godoro lililolazwa sakafuni huota kuvu upande wa chini ndani ya wiki chache. Weka chaga, hata za mbao za bei rahisi. Kapeti la plastiki nalo linaziba unyevu wa sakafu. Inua pembe moja leo, na ukikuta sakafu imekuwa nyeusi, liviringishe hadi masika yaishe. Magunia ya makopa (mihogo iliyokaushwa) au korosho yasiegemee ukuta. Makopa yaliyoota kuvu yatupwe: kuyaanika tena juani hakuondoi sumukuvu.

Kazi ya mwenye nyumba

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka aliyepangisha sehemu ya jengo kutunza paa na kuta za nje, isipokuwa mkataba umesema vingine. Mpe taarifa kwa maandishi, pamoja na picha zenye tarehe. Maneno machache yanatosha:

“Shikamoo mama. Ukuta wa chumba cha nyuma unalowa kutoka chini, kama nilivyopiga picha leo. Nje udongo umepita usawa wa sakafu. Naomba tuuone pamoja Jumamosi. Kama utapenda nimlipe fundi mimi, naomba tuandikiane kiasi kitakachokatwa kwenye kodi.”

Usikate kodi bila maandishi hayo. Mkishindwa kuelewana, anzia kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha usuluhishi wa Baraza la Kata.

Kazi yenyewe ifanyike kati ya Juni na Oktoba, kusi likivuma na ukuta ukiwa unakauka. Kwanza nje: udongo uchimbwe mpaka uwe sentimita 15 chini ya sakafu, na maji ya bati yaelekezwe mbali na msingi. Ndipo lipu mbovu ibanduliwe hadi sentimita 30 juu ya mstari wa unyevu, ukuta uachwe ukauke, na ipigwe mpya: saruji ndoo moja, mchanga wa mtoni ndoo nne, na dawa ya kuzuia maji kwa kipimo cha pakiti. Subirini wiki nne kabla ya kupaka, na iwe rangi ya maji. Rangi ya mafuta inafungia unyevu. Kuta za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa, kama za Mikindani, zirudishiwe lipu ya chokaa. Saruji inazinyima kupumua na maji hupanda juu zaidi.

Ukitafuta chumba kingine wakati wa kiangazi, usidanganywe na ukavu. Tazama kama rangi mpya imepakwa mita moja ya chini tu, fungua kabati lililofungwa unuse, kisha gonga lipu kwa kifundo cha kidole karibu na sakafu. Ikilia tupu, imeshaachana na tofali.