Fonti nene ya mlazo isiyo na vijimkia: ichague hivi, itumie kwa uchache

Ukichagua fonti isiyo na vijimkia, yaani vistari vidogo kwenye ncha za herufi, kisha ukabonyeza kitufe cha B (nene) na cha I (mlazo), programu hukupa kimoja kati ya viwili: herufi zilizochorwa nene na za mlazo tangu mwanzo, au herufi za kawaida zilizovimbishwa na kuinamishwa kwa nguvu. Mimi kazi yangu ni kupanga vichwa vya habari na mabango, na hilo ndilo ninalokagua kabla ya yote.

Andika herufi o, ikuze mpaka ijaze skrini. Iliyoinamishwa na kompyuta hunenepa juu kulia na chini kushoto, ikakonda pande mbili zilizobaki. Mchoraji wa fonti huusawazisha unene huo kwa jicho lake. Kwenye fonti nyembamba kasoro hii hujificha. Kwenye nene huiona hata asiyejua lolote. Kisha tazama matundu ya e na a: yakizibika kwenye maandishi madogo, tafuta fonti nyingine.

Umbo la a pekee lisikudanganye ukadhani mlazo ni wa kughushi. Fonti ya Gill Sans ya Eric Gill hulibadilisha kwenye mlazo, ilhali Univers ya Adrian Frutiger, ya mwaka 1957, huliacha lilivyo likalala tu, na bado ni kazi safi. Univers ina namba badala ya majina: 55 ni ya kawaida, 65 nene, 66 nene ya mlazo. Napenda utaratibu huo, maana huwezi kukosea faili.

Kwenye tovuti, pakia faili ya nene-mlazo yenyewe, uitangaze kwenye CSS (msimbo wa mwonekano wa tovuti) kwa <code>font-weight: 700</code> na <code>font-style: italic</code>. Ongeza <code>font-synthesis: none</code> ili kivinjari kisikughushie pale faili inapokosekana.

Sasa matumizi. Inafaa kwa jina la kitabu lililo ndani ya kichwa cha habari kilicho nene tayari, kwa neno moja la onyo, au kwa maneno mawili matatu ya michezo na mbio, kwa sababu mwinamo wenyewe unakimbia. Aya nzima usithubutu: kila neno likikazwa, hakuna lililokazwa, na msomaji huchoka mstari wa tatu.

Panapoudhi zaidi ni mwisho wa neno. Kichwa cha d au f ya mlazo huegemea kulia na kugonga mabano yaliyosimama wima. Kama mabano ni ya neno hilo, yalaze nayo. Kama ni ya sentensi nzima, yaache wima na uongeze nafasi kidogo. Kwenye bango, sogeza mstari wa mlazo kushoto kidogo, la sivyo utaonekana umeingia ndani kuliko wenzake.

Herufi nyeupe juu ya rangi nyeusi huonekana nene kuliko zilivyo, kwa hiyo hapo shuka ngazi moja ya unene na uachanishe herufi kidogo.